Rekebisho Ambalo Sikuliteremsha

Kazi yangu, kwa miaka kadhaa sasa, ni kukaa mbele ya orodha na kuamua nani apate nini. Si chakula wala mbegu. Ni marekebisho ya programu. Tuna kampuni ndogo ya watu wachache, tunatengeneza visanduku vinavyoendesha pampu za maji za sola vijijini, na ndani ya kila kisanduku kuna programu inayoiambia pampu lini ianze na lini isimame. Programu hiyo imeshatoka mara tatu. Toleo la tatu ndilo jipya, linaongea na simu na lina mbwembwe zake zote. Toleo la kwanza ni la zamani, halina mtandao, limebaki katika vijiji vinne tu, na limetulia. Kila tunapogundua kasoro na kuirekebisha kwenye toleo jipya, lazima mtu aseme kama rekebisho hilo lishuke pia mpaka kule kwa wazee, yaani matoleo yaliyotangulia. Sisi tunaita kuteremsha. Mtu wa kusema ni mimi.

Nimepanga chumba na sebule Nduguti. Meza yangu iko dirishani, na nje kuna majabali mawili makubwa yameegemeana, halafu mapaa ya ofisi mpya za serikali yanayometameta hadi macho yanauma. Upepo wa huku haupumziki. Nikiitazama orodha kwa muda mrefu mistari huanza kuogelea, nami huondoka pale mezani bila kunyanyuka. Naviona vile vijiji vinne. Najua ni upuuzi, lakini huwa naviona viko mwaka mwingine. Toleo la kwanza nililiandika mwenyewe nikiwa mgeni wa kazi, na kila mstari wake una hali ya hewa ya siku niliyouandika: huu niliuandika nina homa, huu mvua ikinyesha, huu nimemkasirikia mtu ambaye hata sura yake nimeisahau. Mimi nimesonga mbele, ila ndani ya visanduku vile siku zile bado zinaendelea. Jua likipanda, msichana niliyekuwa mimi anaamka na kuiwasha pampu.

Msichana huyo simwamini sana, lakini pia sipendi aguswe. Kanuni yangu ni kwamba toleo la zamani linateremshiwa yale tu yanayozuia pampu isiungue au maji yasiharibike. Uzuri, wepesi, rangi, hayo yote yabaki juu. Wenzangu wananiita bahili. Waniite tu. Kanuni hiyo niliipata kwa machozi. Siku moja niliteremsha rekebisho dogo mno, la kubadilisha namna taa inavyopepesa, basi. Nikapanda pikipiki na kadi ya kumbukumbu mfukoni, nikafika kijiji kimoja kati ya hivyo, nikafungua kisanduku, nikachomeka kadi, na kisanduku kikafa. Kumbe nafasi ndani yake ilikuwa imejaa pomoni. Siku nne kijiji kizima kilirudi mtoni kufukua mchanga kutafuta maji, na mimi nimekaa kwenye nyumba ya pampu katikati ya nyaya, nasikia ndoo tupu zikipita nje. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Tangu hapo kila uamuzi ninauandikia sababu, tena kwa Kiswahili cha kueleweka, na karatasi hiyo hiyo inakwenda kwa kamati za maji za vijiji vyote vinne. Katibu anaisoma kwa sauti kwenye mkutano wa watumiaji wa maji. Hilo lilikuwa wazo langu. Nilisema watu wanaokunywa maji ya programu hii wana haki ya kujua tumeamua nini na kwa nini. Niseme ukweli, nilipenda pia kuwaza kwamba maneno yangu yanasomwa hadharani, kina mama wamekaa chini na kanga zao, wazee kwenye viti, kila mtu ametulia anasikiliza. Nilikuwa na majivuno ya namna hiyo.

Sasa niseme juu ya kasoro yenyewe. Ndani ya tangi kuna boya. Boya likiinuka, maana yake tangi limejaa. Lakini maji yakiingia kwa nguvu boya hucheza, linapanda na kushuka, kwa hiyo programu inatakiwa isubiri kidogo mpaka ipate uhakika. Nilikusudia isubiri sekunde sitini. Niliandika mia sita. Sifuri moja ya ziada, na kwa ajili ya sifuri hiyo pampu zote za toleo la kwanza zilikuwa zinaendelea kusukuma dakika kumi nzima baada ya tangi kujaa, na maji yanamwagika. Kwenye toleo jipya tuliifuta zamani. Kwenye la zamani ilikuwa bado inasubiri neno langu.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kusitasita ambayo haikuwa kwenye orodha.

Katika kijiji kimoja kati ya vile vinne, ng'ambo ya Iguguno, mhudumu wa pampu ni mama yangu mdogo. Ni mdogo wake mama, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Wahudumu wa vijiji vingine vitatu ni vijana wa kiume. Yeye aliikamata kazi hiyo tangu kisima kilipochimbwa, na ufunguo wa nyumba ya pampu anauvaa shingoni kwa uzi mweusi. Pale kwake mtu aliweka bati kuukuu chini ya tangi, ili maji yanayomwagika yasichimbe msingi. Basi kila siku, mnamo saa nne asubuhi, jua likishakuwa kali, maji ya kasoro yangu yalianguka juu ya bati.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilianza kwa matone, halafu ikawa mvua, mvua katika nchi ambayo miezi mingi haijui mvua. Ilifika hadi mashambani, kwenye mabua ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Watu walisema “bati limelia” na kuchukua ndoo. Nilikuwa nikienda kumtembelea najilaza kwenye mkeka barazani asubuhi hiyo hiyo, uchovu wa safari haujanitoka, nusu nimelala nusu ni macho, na maji yale yanaingia kwenye ndoto. Mara niko mdogo, mara niko chini ya kitu kikubwa kinachonyesha, na hakuna mtu anayenidai jibu lolote. Dakika kumi. Halafu kimya, na harufu ya udongo uliolowa.

Mwaka jana kiangazi kilipokolea niliamua kwenda kuviona visanduku vyote vinne kwa macho yangu kabla ya kuamua. Nilipima visima, nikakuta bado vina maji ya kutosha. Nilimalizia kwa mama mdogo.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama mimi au kulitazama sanduku lako?”

“Vyote viwili.”

“Muongo. Haya, kaa.”

Utaratibu wa kazi ni kwamba mhudumu hafungui koki kubwa ya kupeleka maji kwenye vituo vya kuchotea mpaka pampu isimame, na pampu ikisimama inawaka taa ya kijani. Nilipofungua kisanduku chake nikakuta waya wa taa hiyo umekatika, tena umekatika zamani, una kutu. Nikamuuliza kama mtu asiyejali, “Taa haikusumbui?”

“Wala. Inawaka vizuri tu, kijani kabisa.”

Nikamtazama usoni, nikauona utando mweupe machoni mwake, wa jicho la kushoto mkubwa kuliko wa kulia. Nilikuwa nimemsalimia, nimekunywa uji wake, na sikuwa nimeuona. Nikaunga waya wa taa, nikafunga kisanduku. Nje bati likalia dakika zake kumi, sauti ikakatika, na hapo hapo mama mdogo, aliyekuwa amekaa kando ya bomba, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye koki bila kupapasa, akaifungua. Nikajumlisha mambo mawili, nikapata jibu, na nikaridhika nalo. Mama mdogo haoni taa. Anafuata sauti. Nikiifuta ile sifuri, sauti itakwisha, na kazi yake itakwisha nayo.

Nilirudi Nduguti nikalitazama rekebisho lile wiki nzima. Dakika kumi za maji kila siku wakati wa kiangazi si kitu kidogo, na kisima kikizidiwa pampu inasukuma hewa na kuungua. Kwa kanuni yangu mwenyewe lilistahili kushuka. Kwa upande mwingine visima vilikuwa bado havijazidiwa, na mkono wangu haujasahau kile kisanduku kilichokufa. Nikawaza kuliteremsha kwa vijiji vitatu na kukiacha kimoja. Lakini hapo ningekuwa na toleo moja lenye sura mbili, na yeyote atakayeirithi kazi hii angenilaani kwa haki kabisa. Majabali yalikuwa pale nje, upepo ulikuwa pale, na kila nikifumba macho nasikia maji kwenye bati. Mwishowe nikaandika, haraka, kama mtu anayejisemea peke yake:

“Rekebisho la boya: lisiteremshwe toleo la kwanza. Sababu: mhudumu mmoja haoni taa, anafuata sauti ya maji yanayomwagika.”

Jina sikuandika. Nilijiona nimemtendea wema, tena wema wa siri. Nikatuma.

Siku chache baadaye mama alinipigia simu. Hakunisalimia.

“Umemfanya nini mdogo wangu?”

Katibu alikuwa ameisoma. Aliisoma kama ninavyopenda isomwe, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya kijiji kizima. Kati ya wahudumu wanne watatu ni vijana wenye macho ya kipanga, kwa hiyo hakuna aliyehitaji jina. Vichwa vyote viligeuka. Mwenyekiti wa kamati alisema kwa upole kwamba mama amefanya kazi kubwa, sasa apumzike, na ufunguo ukabidhiwe kwa mjumbe mmoja mpaka apatikane mtu mwingine. Mama mdogo aliuvua shingoni, akampa, akaenda zake nyumbani peke yake. Miaka miwili alikuwa ameficha macho yake kwa kila mtu, hata kwa dada yake, na mimi niliyafichua kwa sentensi moja iliyonyooka.

Nililia, halafu nikajikasirikia kwa kulia, maana machozi yangu yalikuwa hayamsaidii mtu. Kesho yake nilikuwa kwenye pikipiki.

Nilimkuta amekaa mlangoni na ungo mapajani, anachambua mlenda mkavu kwa vidole. Nikamwamkia. Aliitikia, lakini hakuniambia nikae. Nikakaa bila kuambiwa, chini, mbele yake.

“Nisamehe, mama mdogo. Nilitaka kukulinda.”

“Na nini?”

“Na kimya. Kama ningeliteremsha lile rekebisho bati lisingelia tena. Ungejuaje kwamba tangi limejaa?”

Vidole vyake vilisimama kwenye mlenda.

“Nani alikuambia najua kwa bati?”

Niligeuka kutazama upande wa tangi.

“Bati lile linapigwa na upepo kutwa nzima,” alisema. “Watoto wanalirushia mawe. Mbuzi wanalikanyaga. Ningefuata bati ningekuwa nafungua koki mara kumi kwa siku. Mimi naweka mkono kwenye bomba. Pampu ikisukuma, bomba linatetemeka. Wingu likipita, linalegea. Pampu ikisimama, linatulia. Likitulia nafungua. Nilikuwa nafanya hivyo hata macho yakiwa mazima, kwa sababu hiyo taa yenu mchana haionekani, jua linaimeza. Hamjui hilo?”

“Hatujui.”

“Basi.”

Akaendelea kuchambua. Kuku alikuja akazunguka ungo, akafukuzwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na nilidhani amemaliza.

“Sauti ile unaipenda wewe,” alisema. “Ukija hapa unajilaza barazani, unaisikiliza, unatabasamu na macho umefumba. Nilikuwa nakuona.” Akacheka kidogo, kicheko cha puani. “Wakati huo nilikuwa naona.”

Nimewahi kusahihishwa mara nyingi katika kazi hii, na watu wanaojua kompyuta kuliko mimi. Hakuna aliyewahi kunifikia pale aliponifikia yeye. Alisema kweli. Wiki nzima nilikuwa nimeipima ile sifuri kwa kila mizani, na sikuona kwamba niliyekuwa namtetea ni mimi, na ndoto zangu za kwenye mkeka. Macho yake nilikuwa nimeyatumia kama kisingizio.

“Ungeniuliza,” akasema.

“Ningekuuliza.”

“Ulikaa pale. Ulipima kisima, ulifungua sanduku, uliunga waya. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nina mdomo.”

Kisha akanyoosha mkono wake mkubwa na kugusa begi langu. “Ile karatasi unayo? Nisomee. Mimi niliisikia mara moja tu, na watu walikuwa wananitazama.”

Nikamsomea. Nilipofika mwisho akawa anasogeza midomo kama anayeyaonja maneno.

“Futa hapo kwenye ‘haoni’,” alisema. “Andika ‘hakuulizwa’. Na hilo rekebisho literemshe. Maji ya kumwagwa mwezi wa kumi, mnatukejeli?”

Niliandika pale pale chini, karatasi ikiwa juu ya goti: “Rekebisho la boya: literemshwe toleo la kwanza. Sababu ya kuchelewa: mhudumu hakuulizwa.” Nikamsomea tena. Akasema sawa.

Siku iliyofuata nililiteremsha. Mjumbe mwenye ufunguo alinifungulia mlango. Nikachomeka kadi na kushika roho mkononi mpaka kisanduku kiliporudi na kupumua. Jua likapanda. Saa nne ikafika, ikapita, na bati halikulia. Nilikuwa nimesimama nje nikilisikilizia, sijui kwa nini, na machozi yalinitoka tena, machache. Msichana yule wa ndani ya kisanduku alikuwa amenyamaza. Nilimuaga kimoyomoyo, kwa heri, umefanya kazi.

Kesho yake, kabla ya saa nne, yule mjumbe alikuwa ndani anahangaika. Taa ya kijani ilikuwa nzima, niliihakikisha mwenyewe, lakini jua lilikuwa limeingia mlangoni na kuilalia. Aliikinga kwa viganja, akachungulia kwa jicho moja, akachungulia kwa la pili, akasema imewaka. Haikuwa imewaka. Akafungua koki mapema, na kwenye vituo maji yakatoka kwa kukohoa, nusu hewa, na kina mama wakampigia kelele. Siku iliyofuata alichelewa saa nzima.

Jumapili mchana, watu walipotoka makanisani, mkutano ulikaa. Nilikuwepo, mara ya kwanza kuisikia karatasi yangu ikisomwa. Katibu aliisoma kama kawaida yake, taratibu, na alipofika “mhudumu hakuulizwa” akairudia kwa sauti ya chini, kana kwamba amekosea mstari. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni na kina mama wenzake, uso ameuinua.

Mwenyekiti alivua kofia, akaikunjakunja.

“Mama,” alisema, “hebu tuambie. Wewe ulikuwa unajuaje?”

“Sisemi,” alijibu. “Nitaonyesha.”

Akainuka. Akatangulia kuelekea nyumba ya pampu kwa njia aliyoikanyaga miaka yote, na mkutano mzima ukanyanyuka nyuma yake, viti vikabaki wazi. Tulipofika mlangoni palikuwa na kufuli. Mwenyekiti akamgeukia mjumbe, akauchukua ufunguo na uzi wake mweusi, akauweka kwenye kiganja cha mama mdogo. Hakumwambia aurudishe, wala hakuuomba tena baadaye. Ndani bomba lilikuwa linatetemeka, maana siku hiyo koki ilifunguliwa mapema na tangi lilikuwa halijajaa, na jua lilikuwa bado lina nguvu.

“Njooni mmoja mmoja,” alisema. “Mtaweka mkono hapa. Mtasubiri mpaka litulie. Msiseme kitu.”

Wakaanza kupita, wazee kwanza, halafu kina mama. Foleni ilizunguka nyumba ya pampu ikafika hadi kwenye tangi. Mimi nilisimama mwisho kabisa, nikasubiri zamu yangu.